Kompyuta ya nyumbani: uizime au uiache inawaka? Mwongozo kwa nyumba yenye LUKU na umeme wa kukatikakatika

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Ukitoka kwa nusu saa au saa mbili, ilaze. Ukienda kulala au kazini, izime. Na kama umeme wa mtaani kwako hukatika bila taarifa, usiiache kompyuta ya mezani ikiwaka bila mtu karibu, labda iwe na UPS nzima (kisanduku chenye betri kinachoipa kompyuta umeme kwa dakika chache ule wa ukutani ukikatika) na kazi maalumu ya kufanya.

Yanayofuata ni sababu za jibu hilo na namna ya kuipanga mashine ikusaidie kulifuata. Ninazungumzia zaidi kompyuta ya mezani yenye Windows, ile inayokaa kona ya sebule, watoto wakiitumia kwa masomo na wazazi kwa hesabu za duka. Laptopu ina sehemu yake huko chini. Bei ni za Tanzania. Msomaji wa Kenya anayenunua tokeni au wa Uganda anayenunua yaka aweke bei yake, njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Kwanza, hofu ya kuwasha na kuzima

Wengi huiacha kompyuta ikiwaka kwa kuamini kwamba kila ukiwasha unaipunguzia maisha. Imani hiyo haikutoka hewani. Diski za zamani zilikuwa na vichwa vya kusomea vilivyotua juu ya sahani yenyewe kila mashine ilipozimwa, na vioo vikubwa vyenye kisogo vilivuta umeme mwingi kwa ghafla wakati wa kuwashwa. Mambo hayo yamepita. Diski za kuzunguka za kompyuta ya mezani kwa kawaida hutengenezwa kuhimili kuwashwa na kuzimwa mara 50,000. Ukifanya hivyo mara mbili kwa siku, idadi hiyo utaifikia baada ya miaka 68. SSD, ile diski mpya isiyo na sahani, haina hata kitu kinachozunguka.

Kinachoimaliza kompyuta katika nyumba zetu ni joto na vumbi, na vyote viwili huongezeka kadiri ya saa ambazo feni inazunguka. Ndani ya pawasaplai (kifaa kinachoipa mashine umeme) na kwenye madabodi (bao kuu la saketi) kuna kapasita, vifaa vidogo vya kutunza umeme, zenye majimaji ambayo hukauka kwa joto. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hizo hupungua kwa nusu. Sasa fikiria chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari, nyuzi 32 kivulini, na ndani ya boksi ni zaidi ya hapo.

Fungua boksi la kompyuta iliyoachwa ikiwaka mwaka mzima, uitoe feni iliyo juu ya prosesa. Chini yake, katikati ya mapezi ya alumini, utakuta vumbi limeshikana na kuwa mkeka mzito wa kijivu, unaweza kuuvuta kwa vidole ukatoka kipande kizima. Hewa haipiti hapo tena. Feni inazunguka kwa kelele, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, nawe unasema mashine imezeeka. Kwa wanaokaa karibu na bahari hewa hiyo ina chumvi pia, ndiyo maana skrubu za nyuma ya boksi huota kutu mapema. Mashine inayowaka saa 24 inavuta hewa hiyo karibu mara tano zaidi ya inayowaka saa tano.

Hatua ya 1: Zijue amri nne kabla ya kuamua

Kwenye menyu ya kuzima kuna maneno ambayo watu huyachanganya, na hapo ndipo kazi za watu zinapopotea.

"Sleep" ni kuilaza. Kazi zako zote zinabaki kwenye memori, na memori inahitaji umeme kidogo ili isisahau. Skrini inazima, feni inanyamaza, na mashine inakula kama wati 1 hadi 5. Ukiigusa inaamka ndani ya sekunde chache. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika wakati imelala, kilichokuwa kwenye memori kimekwenda.

"Hibernate" nitaiita hapa kulala fofofo. Kompyuta inachukua kila kilichokuwa kwenye memori, inakiandika kwenye diski, kisha inazima kabisa. Unaweza kuchomoa waya ukaenda Mwanza kwa wiki mbili. Ukirudi na kuiwasha, faili zako zinafunguka palepale ulipoziacha. Inachukua nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski, na kuamka kwake ni polepole kidogo kuliko "Sleep". Kwa nyumba yenye umeme usiotabirika hii ndiyo amri yenye thamani kubwa kuliko zote, na cha kusikitisha ni kwamba Windows huificha. Hatua ya 4 inaeleza namna ya kuitoa mafichoni.

"Shut down" ni kuzima, lakini si kuzima kabisa kama unavyodhani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa "Fast startup". Ukizima, programu zako zinafungwa, ila moyo wa Windows wenyewe unaandikwa kwenye diski ili kesho uwake haraka. Kwa hiyo hitilafu ndogondogo zinaweza kuamka nao. Uthibitishe mwenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance" kisha "CPU", utazame palipoandikwa "Up time". Mtu anayeizima mashine kila usiku anaweza kukuta imeandikwa siku tisa.

"Restart" ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya. Ifanye angalau mara moja kwa wiki, na kila mara unapoona printa haionekani, sauti imepotea au mtandao unasumbua bila sababu. Ukitaka kuzima kabisa bila "Fast startup", shikilia kitufe cha Shift huku unabonyeza "Shut down".

Hatua ya 2: Pima mashine yako inakula nini

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye pawasaplai. Ikiandikwa wati 500, hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si kinachotumika. Kompyuta ya kawaida ya mezani ikiwa haifanyi kazi nzito hula wati 40 hadi 80, na skrini ya bapa huongeza wati 20 au 30. Laptopu hula wati 10 hadi 25. Yenye kadi kubwa ya michezo ya video huweza kupita wati 300 mchezo ukinoga.

Kifaa cha kupimia huhitaji, mita ya LUKU inatosha. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikimweka mara 1000, unit moja imekwisha. Fanya hivi:

1. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia (dakika kumi haiharibu kitu), ubakishe kompyuta na skrini yake tu.
2. Iache kompyuta itulie dakika mbili, kisha simama kwenye mita ukiwa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
3. Anza kuhesabu taa ikimweka, na usimame ikimweka tena.
4. Gawanya 3600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 45 ni sawa na wati 80. Sekunde 60 ni wati 60. Kama mita imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kibodi ya kuingizia tokeni tu, soma unit zilizobaki, iache kompyuta peke yake kwa saa mbili, usome tena. Mashine ya wati 80 itakuwa imekula unit 0.16. Ni vizuri kufanya jambo hili watoto wakiwepo, maana wakishaiona taa ikimweka hutahitaji tena kuwaambia mara kumi wazime.

Hatua ya 3: Geuza wati kuwa shilingi

Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa unit. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (msimamizi wa huduma za nishati na maji) asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Kwa uhakika zaidi chukua risiti yako ya mwisho, ondoa makato ya kodi ya jengo, halafu gawanya fedha iliyobaki kwa idadi ya unit ulizopewa.

Tuchukue kompyuta ya wati 80 pamoja na skrini. Ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 inakula unit 57.6, yaani shilingi 20,500 hivi. Ikiwaka saa nne kwa siku na kuzimwa muda mwingine inakula unit 9.6, karibu shilingi 3,400. Tofauti ni zaidi ya shilingi 17,000 kila mwezi, kwa mashine ambayo muda mwingi ilikuwa ikiangalia ukuta. Na ukiilaza badala ya kuizima kwa zile saa 20 zilizobaki, kwa wati 3 utaongeza unit 1.8 tu kwa mwezi. Ndiyo maana sina ugomvi na "Sleep" kwa upande wa bili. Ugomvi wangu nayo ni wa kukatika kwa umeme.

Wenye kundi la D1 wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Hawa ni wale wanaolipa shilingi 100 kwa unit, 122 pamoja na tozo, mradi wasipite unit 75 kwa mwezi. Kila unit inayozidi hapo ni shilingi 350 kabla ya tozo. Nyumba yenye taa, televisheni na friji dogo inaweza kwenda vizuri na unit 50 kwa shilingi 6,100. Weka kompyuta isiyozimwa na hesabu inavuka 100, unit za ziada zinalipiwa kwa bei ile ya juu. Ukiendelea kuzidi miezi kadhaa unaweza kuhamishwa kwenda T1, na hapo taa, friji na kila kitu vinapanda bei. Watu hulaumu mita kwamba "inakimbia". Kabla ya kuilaumu, tazama kona ya sebule.

Hatua ya 4: Ipange Windows ikufanyie uamuzi

Usitegemee kumbukumbu ya mtu, maana atasahau. Fungua "Control Panel", nenda "Power Options". Weka skrini izime baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya dakika 20. Zile picha zinazoelea kwenye skrini ziondoe. Zilibuniwa kulinda vioo vya zamani visichomeke alama, na leo kazi yake ni kuizuia skrini isizime.

Sasa itoe "Hibernate" mafichoni. Upande wa kushoto bonyeza "Choose what the power buttons do", kisha "Change settings that are currently unavailable", uweke tiki kwenye "Hibernate" na kuhifadhi. Kama neno hilo halionekani kabisa, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza kulia, chagua kuifungua kama msimamizi, uandike:

powercfg /hibernate on

Rudi uangalie tena. Hapohapo kwenye ukurasa huo unaweza kukipangia kitufe cha kuwashia kilicho kwenye boksi, ili ukikibonyeza mara moja mashine ilale fofofo. Mimi huipendekeza kwa nyumba zenye wazee na watoto: kitufe kilekile wanachokijua kinahifadhi kila kitu. Wafundishe tu kutokishikilia kwa sekunde nyingi, kwa sababu hiyo ni kukata umeme kwa nguvu.

Kuna mpangilio mmoja zaidi kwenye "Advanced settings", chini ya "Sleep": "Allow hybrid sleep". Ukiuwasha, kompyuta ya mezani inapolala huandika pia nakala ya memori kwenye diski. Umeme usipokatika inaamka haraka, ukikatika inasoma nakala ile na kazi zako zinarudi. Si kila mashine inao, lakini yako ikiwa nao, washa leo.

Kama mashine inaamka yenyewe saa nane usiku, siku inayofuata andika kwenye cmd:

powercfg /lastwake

Itakutajia kilichoiamsha. Mara nyingi ni mausi iliyoguswa na paka au panya, au kadi ya mtandao. Kwenye "Device Manager" unaweza kukiondolea kifaa hicho ruhusa ya kuamsha kompyuta.

Kisha ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete, F2 au F10 mara tu unapowasha. Tafuta kipengele kinachosema mashine ifanye nini umeme ukirudi. Majina yanatofautiana: "AC Recovery", "After Power Loss", "Restore on AC Power Loss". Chagua ibaki imezimwa. Mashine iliyopangwa kujiwasha itajiwasha kila umeme unaporudi, hata ukirudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika mbili, na kwenye nyumba isiyo na mtu hilo ni kuitesa.

Hatua ya 5: Umeme unapokatika na unaporudi

Soma sehemu hii hata kama nyingine umeziruka.

Umeme ukikatika ghafla, diski yenyewe haipasuki. Vichwa vyake hujirudisha mahali salama kwa nguvu ya sahani inayoendelea kuzunguka. Kinachoumia ni kile kilichokuwa kinaandikwa wakati ule. Windows hutunza kumbukumbu ya mpangilio wa faili ili diski nzima isivurugike, lakini yaliyomo ndani ya faili uliyokuwa ukihifadhi hayana ulinzi huo. Faili ya Excel ya mauzo ya mwezi inaweza kugoma kufunguka. Kukatika katikati ya masasisho ya Windows ni kubaya zaidi, mashine inaweza isiwake tena bila msaada wa fundi.

Kisha kuna kurudi. Umeme wetu ni volti 230, lakini dakika za mwanzo baada ya kurudi unaweza kuyumba, maana friji, pampu na viyoyozi vya mtaa mzima vinaanza kuvuta kwa pamoja. Hapo ndipo pawasaplai nyingi hufa. Kwa hiyo ukikatika, zima swichi ya ukutani ya soketi ya kompyuta mara moja. Ukirudi, subiri dakika tano. Vile vifaa vya kulinda friji vinavyochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi hufanya kazi hiyohiyo, na vipo vya kufaa kompyuta. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu si kinga, hata muuzaji akuambie nini.

UPS ndiyo kinga ya kweli dhidi ya kukatika, ila watu huinunua kwa matarajio yasiyo sahihi. Ya 650VA haikupi wati 650. Nyingi hutoa kati ya wati 325 na 390. Ndani yake mna betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 12, na kwa kompyuta ya wati 80 tegemea dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu, si za kumalizia filamu. Chomeka boksi na skrini tu. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi mno inapopasha moto. Kama UPS ina waya wa USB, uunganishe na kompyuta: Windows itaiona kama betri, na kwenye "Advanced settings" utaweza kuiagiza ilale fofofo betri ikikaribia kuisha, hata kama haupo.

Betri ya UPS hudumu miaka mitatu hadi mitano mahali pa baridi, na kwa joto letu hufa mapema zaidi. Ijaribu kila mwezi: funga kazi zako zote, iache kompyuta ikiwaka, zima soketi ya ukutani. Ikizima papo hapo, ulichonacho ni boksi zito la mapambo. Betri inabadilishwa, huna haja ya kununua UPS mpya. Usiku ukishazima kompyuta, bonyeza kitufe cha UPS uizime nayo, ila iache imechomekwa ukutani. UPS nyingi za nyumbani zinaendelea kuchaji zikiwa hivyo, na betri ya aina hii ikikaa bila chaji huharibika.

Radi ni habari nyingine. Wakati wa masika na vuli, na kwa watu wa Kagera, Mwanza na Mara karibu mwaka mzima, hakuna UPS wala kilinda umeme kitakachozuia radi iliyopiga karibu. Chomoa plagi kutoka ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa na waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta. Kama una faiba, uzi wenyewe haupitishi umeme, lakini adapta ya ruta inapitisha, na kutoka kwenye ruta waya wa shaba unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Fanya haya ukisikia ngurumo ya mbali. Ikishafika juu ya paa, usiguse waya wowote.

Hatua ya 6: Siku ambayo kuiacha ikiwaka ni sahihi

Zipo kazi halali za usiku: kupakua faili kubwa kwa bando la usiku, kunakili picha za familia kwenye diski ya nje, kutengeneza video ya harusi ambayo mashine yako inahitaji saa nne kuimaliza. Iache, lakini kwa masharti. Iwe kwenye UPS. Zima skrini kwa kitufe chake. Hakikisha boksi halijasukumwa ukutani wala kufunikwa kitambaa, maana nimeona nyumba nyingi kompyuta imevalishwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya zamani, huku inawaka. Usiku huo weka "Sleep" kuwa "Never", la sivyo italala katikati ya kazi.

Kisha iagize ijizime yenyewe. Kama unakadiria kazi itachukua saa nne, andika kwenye cmd:

shutdown /s /t 14400

Namba hiyo ni sekunde. Ukibadili mawazo, andika shutdown /a na agizo linafutika. Ongeza saa moja juu ya makadirio yako, mtandao wa usiku nao huwa na siku zake.

Kwa mwenye kutumia bando la simu kuna hatari nyingine ya kuiacha kompyuta ikiwaka bila mtu: Windows ikipata mtandao na nafasi huanza kupakua masasisho, na asubuhi bando la wiki limekwisha. Nenda "Settings", "Network & internet", fungua mtandao wa Wi-Fi unaotumia, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri. Lakini usiyaache yasubiri milele, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Tenga jioni moja kila mwezi, ikiwezekana baada ya Jumanne ya pili ambapo Microsoft hutoa masasisho yake, ufungue ruhusa, upakue, ufanye "Restart" ukiwa umekaa hapo.

Laptopu

Laptopu ina UPS yake ndani, ndiyo betri. Kwa hiyo kuilaza mchana hakuna shida, umeme ukikatika haijui hata. Betri ikichoka na kukaa dakika kumi tu, usiitoe. Dakika hizo kumi ndizo zinazokuokoa.

Mambo mawili tu. Usiiweke kwenye begi ikiwa imelala kwa "Sleep". Laptopu nyingi za sasa hulala jicho moja wazi, zikiendelea kutafuta mtandao, na ndani ya begi kwenye daladala utaikuta imepata moto na chaji imeisha. Ipeleke "Hibernate" kabla ya kufunga zipu, au uipange kifuniko kikifungwa ifanye hivyo. Na kama inakaa kwenye chaja siku nzima, tafuta programu iliyokuja nayo, ya Lenovo, Dell, HP au ASUS, uone kama inaruhusu kuisimamisha chaji kwenye asilimia 80. Betri ya lithiamu inayokaa asilimia 100 kwenye joto huchakaa haraka, na wakati mwingine huvimba mpaka kibodi ikanyanyuka. Ukiona hivyo acha kuitumia na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Ukisafiri wiki kadhaa

Fanya "Restart" kwanza ili masasisho yaliyokuwa njiani yamalizike, kisha zima kwa Shift na "Shut down". Nakili faili muhimu kwenye diski ya nje na usiiache karibu na kompyuta. Chomoa vyote, hata UPS, ikiwa imechaji kikamilifu. Sasa ndiyo wakati wa kitambaa juu ya boksi, likiwa limepoa.

Ukirudi, hasa kama nyumba imefungwa kipindi cha mvua, fungua madirisha chumba kikauke kabla ya kuwasha. Kisha tazama saa ya kompyuta. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, na kila tovuti ikikataa kufunguka kwa maelezo kwamba muunganisho si salama, mtandao wako hauna tatizo. Betri ndogo ya duara kwenye madabodi, CR2032, imeisha. Ndiyo inayoitunza saa wakati hakuna umeme ukutani, kwa hiyo mashine inayozimwa swichini kila usiku humaliza yake mapema kidogo, kwa kawaida baada ya miaka michache. Inauzwa kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo. Chomoa waya wa umeme, fungua boksi, sukuma kile kishikizo cha pembeni betri irukie juu, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, rekebisha tarehe kwenye BIOS, na upitie tena mipangilio ya Hatua ya 4, kwa sababu kile kipengele cha umeme kurudi kinaweza kuwa kimejirudisha kilivyokuwa kiwandani.